Futeni Hati za Masafa Yaliyolala

Acheni kutuhesabia minara. Kila kiongozi anayepanda jukwaani Korogwe na kutaka makofi kuhusu mawasiliano hutaja idadi ya minara, nasi kwa adabu tunampigia. Mnara ni chuma. Kinachobeba matokeo ya mtihani, fomu ya mkopo wa chuo na oda ya mteja ni masafa yaliyowashwa juu ya chuma hicho: ni masafa gani, yana upana gani, yako mikononi mwa nani, na aliyapewa kwa sharti gani. Kata yetu ya Mnyuzi inapunjwa hapo, na hapo hakuna anayepagusa akishika maikrofoni.

Njoo Mnyuzi siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne. Usiende mbali, baki karibu na stesheni. Utamwona kijana kanyanyua simu juu ya paji la uso, kioo kinasoma 4G, vijiti viwili, na kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Bando la saa 24 linaisha muda wake liwe limetumika au halijatumika. Mama yake anamwambia akajaribu kule kwenye kichuguu. Hatua chache kutoka hapo wakala wa fedha anaweka na kutoa hela kwa kitochi cha vibonye, na foleni inasogea. Kitochi cha bei ya kuku wawili kinapitisha laki tano, na simu janja haifungui ukurasa mmoja wa majina.

Watu hutania kwamba kitochi kina baraka zake. Hakina baraka, kina masafa. Menyu za nyota na reli zinapita kwenye 2G, na 2G ya vijijini imekaa hasa kwenye megahezi 900, masafa ya chini yanayosafiri mbali na kuingia hadi chumbani. Ujumbe wa muamala ni mdogo mno, unapita hata pembamba. Ukurasa wa matokeo unataka njia pana, na kijijini njia hiyo inataka masafa ya chini ya ziada, 700 au 800, maana yale 900 hayawezi kunyang'anywa kitochi leo wala kesho. Nusu ya uchumi wa kata imekaa juu yake. Ukirusha kwa nguvu ileile kutoka mnara uleule, na antena zikawa za aina ileile, wimbi la megahezi 3,500 linafika kwenye simu likiwa na nguvu moja ya ishirini na tano tu ya lile la 700. Hapo bado halijakutana na mwembe, ukuta wa tofali wala kilima, na sisi tunaishi kati ya miguu ya Usambara na bonde la Mto Pangani, mahali ambapo kilima hakikosi.

Kwa hiyo mhandisi wa kampuni ya simu akiambiwa aboreshe intaneti ya Mnyuzi, swali lake la kwanza halihusu Mnyuzi. Anafungua kabati la kampuni kuona lina masafa gani. Likiwa na ya juu matupu, atahitaji minara mingi kufunika eneo ambalo mmoja wenye 700 ungelifunika, na mhasibu atamrudishia karatasi yake kabla ya chai. Likiwa na ya chini lakini membamba, 4G itasoma kwenye kioo asubuhi, na saa mbili usiku, watu wote wakishatoka shamba na kushika simu, itabaki herufi tu. Likiwa na ya chini na mapana, basi anabadilisha vifaa kwenye mnara uliopo na kazi imekwisha. Uboreshaji wa mtandao huamuliwa siku masafa yanapogawiwa, miaka mingi kabla fundi hajapanda mnara.

Sasa tukumbushane masafa hayo ya chini yalitoka wapi. Yalitoka sebuleni kwetu. Ndimo ilimopita televisheni ya analojia. Dar es Salaam walizimiwa tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Tanga ikafika mwanzoni mwa 2013. Tanzania ikasifiwa kwa kutangulia wengine barani. Sisi tukanunua ving'amuzi, na aliyekosa hela ya king'amuzi akakaa na televisheni inayotoa chenga. Tuliambiwa kwamba nafasi itakayoachwa wazi ingeleta intaneti ya kasi hadi vijijini. Tulilipia masafa hayo kwa mfuko wetu, kijiji kwa kijiji, kabla kampuni yoyote haijaweka dola mezani.

Yalikwenda wapi? Kipande cha 800 kilikuwa mikononi mwa Smile tangu 2012, kampuni iliyotangulia kuleta 4G nchini, na ikaiwasha Dar es Salaam na miji michache mikubwa. Lisome tena hilo: masafa yenye uwezo wa kuvuka mashamba yote ya mkonge kutoka Hale hadi Ngombezi yakawekwa kumhudumia mtu wa mjini mwenye mnara mtaa wa pili. Siilaumu Smile. Ilikuwa kampuni ndogo, ilifuata wateja wenye hela, na hakuna sheria inayokataza hilo. Namlaumu aliyempa masafa ya kijiji mtu asiye na mpango wa kijiji. Miaka ya karibuni Vodacom ikainunua Smile, na kwa maoni yangu mali iliyokuwa na thamani mle ndani ilikuwa hiyo 800. Fikiria maana yake. Kampuni inayotaka kupanuka inalazimika kununua kampuni nzima ili ipate hewa iliyolala.

Ikaja 700. Mnada ukafanyika mwaka 2018, zaidi ya miaka mitano baada ya televisheni kuzimwa, na Vodacom na Azam Telecom wakaondoka na kipande cha megahezi 10 kwenda na 10 kurudi kila mmoja, kwa takribani dola milioni 10 kila kipande. Swali langu kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ni dogo na halihitaji kikao: vipande hivyo viwili vimewashwa wapi, kata kwa kata? Siulizi vimelipiwa lini, wala kama leseni ipo hai. Nauliza vimewashwa wapi.

Oktoba 2022 mnada mkubwa zaidi ukaja, wa 700, 2,300, 2,600 na 3,500, na Serikali ikakusanya zaidi ya dola milioni 187. Kwa bei ya dola ya wakati ule hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 430. Vodacom peke yake milioni 63.2, Airtel milioni 60.1. Magazeti yakaandika 5G, picha zikapigwa, na kweli kwa mtu wa Kariakoo na Masaki ilikuwa habari njema, maana sehemu kubwa ya kilichouzwa ni masafa ya juu yanayofaa mahali penye watu wengi kwenye eneo dogo. Airtel ilichukua 2,600 na 3,500. Hayo ni masafa ya ghorofani, na kijiji chenye nyumba zilizotawanyika katikati ya mahindi hayakifai.

Sasa weka hesabu nyingine pembeni ya hiyo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa ajili ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali, na sehemu ya kazi yake ni kufikisha mawasiliano vijijini. Mei 2023, Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 katika kata 713, Serikali ikitoa ruzuku ya shilingi bilioni 126. Sina ugomvi na minara hiyo, wako watu waliopiga simu kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Lakini tazama mzunguko wenyewe. Taifa linauza hewa yake kwa fedha taslimu bila kumbana mnunuzi vya kutosha, fedha zinaingia kapu la Hazina, kisha taifa linakopa ili kumlipa mnunuzi yuleyule aende kule ambako hewa aliyoinunua ingemfikisha. Mwananchi amelipa king'amuzi, analipa bando lenye kodi ndani yake, na mjukuu wake atalipa mkopo.

Hapa Korogwe tunajua jinsi ya kushughulika na mali ya namna hii, kwa sababu tumeishi nayo. Mkonge uliposhuka bei, wilaya hii ilibaki na mashamba makubwa yenye hati nzuri na pori zuri zaidi. Mwenye hati alikuwa Dar es Salaam au ng'ambo, kijiji kimebanwa pembeni hakina pa kulima, na ukiingiza jembe unaitwa mvamizi. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilisema wazi kwamba ardhi ni ya umma, mwenye hati ana haki ya kuitumia kwa masharti, na akishindwa kuiendeleza hati inaweza kufutwa. Rais John Magufuli alifuta hati za mashamba ya namna hiyo hapa hapa Korogwe, na wananchi walishangilia. Hakuna mwekezaji makini aliyekimbia nchi kwa sababu ya pori kurudishwa kijijini.

Masafa ni mali ya umma kuliko hata ardhi. Hayachakai, hayapungui kwa kutumika, na siku isiyotumika imepotea moja kwa moja, haiwekwi ghalani. Kampuni yenye leseni ya 700 kwa nchi nzima inayoiwasha mijini tu inashikilia hewa ya Mnyuzi bila kuilima, na inamzuia mwingine asiilime. Kwa nini tuwe wakali kwa ekari na wapole kwa megahezi? Sharti liandikwe: kata ambayo masafa ya chini hayajawashwa ndani ya muda uliowekwa, haki ya kuyatumia katika kata hiyo inaondoka. Apewe kampuni nyingine, au TTCL ya Serikali, au hata mtoa huduma mdogo wa wilaya mwenye mnara mmoja na akili timamu.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba Mnyuzi hailipi. Kwamba mnara unataka umeme, unataka kiungo cha kupeleka data hadi mkongo wa taifa, na kwamba hata 700 ikiwashwa leo, simu nyingi za kijijini haziisomi. Hili la simu ni kweli, na Serikali ingefanya jambo la maana kushusha kodi kwenye simu janja za bei ya chini badala ya kuimba uchumi wa kidijitali. La umeme linanichekesha. Mitambo ya Hale na New Pangani Falls iko mlangoni kwetu, nyaya zinatupita juu ya kichwa. Na la kutolipa ndilo linanipa hasira zaidi, kwa sababu kama kijiji hakilipi, basi leseni ya kijiji haina thamani kwako, rudisha. Huwezi kuiambia Hazina kwamba hewa ya Mnyuzi haina faida, halafu ukakataa kuiachia.

Wapo waliokwisha kulitatua hili. Ujerumani, hao hao waliopitisha reli yao hapa Mnyuzi wakaifikisha Korogwe mwaka 1902 kwa ajili ya mashamba yao, walipouza 800 mwaka 2010 waliwafunga washindi kwa ngazi nne. Kwanza miji midogo na vijiji visivyozidi watu 5,000. Mpaka asilimia 90 ya wakazi wa ngazi hiyo wafikiwe ndani ya jimbo, ndipo kampuni iruhusiwe kupanda ngazi inayofuata, na miji mikubwa ikaja mwisho kabisa. Kampuni zilinung'unika, zikalipa mabilioni ya yuro hata hivyo, zikaenda kijijini. Walitupitia na reli wakijali katani, ila kwao walijua kupanga foleni.

Wala usiniambie dawa ni kumkabidhi mmoja masafa yote aendeshe mtandao wa pamoja. Rwanda ilijaribu, ikampa kampuni moja haki ya pekee ya 4G kwa miaka, mwishowe ikafungua mlango na kampuni nyingine zikajenga zao. Ukiritimba wenye nia njema bado ni ukiritimba.

Njia ya kushirikiana tunayo tayari, na tuliianzisha wenyewe. Mwaka 2016 Vodacom, Tigo na Airtel walisaini kufanya majaribio ya kutumia kwa pamoja miundombinu ya 3G vijijini, vituo sita vya majaribio. Sita! Kama mnara mmoja wa kijijini unaweza kuhudumia laini za wote watatu, basi masafa ya wote watatu yanaweza kuwashwa kwa pamoja juu ya mnara huo, upana ukajumlishwa, na saa mbili usiku watu wakafungua kurasa zao. Kinachozuia ni kwamba kila mmoja anataka bendera yake, na hakuna aliye juu yao anayewalazimisha.

Na huyo aliye juu yao ana mikono mingapi? Serikali ndiyo inayouza masafa. TCRA yake ndiyo inayosimamia. TTCL ni yake yote, na tangu makubaliano ya 2019 Serikali hiyohiyo inamiliki asilimia 49 ya Airtel Tanzania. Muuzaji, mwamuzi na mchezaji wote wanakula meza moja. Sisemi kuna wizi. Nasema mtu mwenye gawio anafikiria gawio, na hakuna gawio linalotoka Mnyuzi. Ndiyo maana rejista ya masafa haina budi kuwekwa hadharani kwa namna ambayo mwenyekiti wa kijiji anaweza kuisoma: kampuni gani, kipande gani, upana gani, mnara upi, umewashwa lini. Takwimu za asilimia ya watu waliofikiwa na 4G hazinisaidii. Unaweza kufikia asilimia kubwa ya Watanzania na bado ukaruka bonde zima.

Bajeti ya wizara inaposomwa Dodoma, mbunge wetu asimame na swali moja la nyongeza. Aulize nani ana haki ya megahezi 700 na 800 ndani ya Kata ya Mnyuzi, na kama zimewashwa. Akijibiwa kwamba hazijawashwa, aulize tarehe ya kuzirudisha. Waziri akisema kampuni itaumia, amkumbushe wenye mashamba ya mkonge: nao walisema hivyohivyo, na leo kwenye baadhi ya pori lile kuna mahindi.