Fimbo yako utamwachia nani?



Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa kuna kitu kimeegemezwa nyuma ya kabati ambacho watoto wamekatazwa kukichezea. Kwa mwingine ni mkuki wa babu. Kwako wewe labda ni bo, ile fimbo ndefu ya Kijapani, mara nyingi ya mti wa mwaloni, yenye urefu wa takriban sentimita 182. Ulipewa na mwalimu wako wa karate ukiwa kijana, ukaizungusha hadi viganja vikaota sugu. Leo magoti yanauma, watoto wako Dar es Salaam, na mjukuu akija likizo anaitumia kuangulia maparachichi.

Umpe nani? Wengi wetu hulikwepa swali hili. Ndiyo maana matanga hayajaanuliwa, ndugu wameanza kugombania vitu ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvitumia.

Fungua 1 Samweli 21. Daudi anamkimbia Sauli, hana silaha, anafika kwa kuhani Ahimeleki huko Nobu. Upanga wa Goliathi upo pale, umefungwa katika nguo nyuma ya naivera. Kuhani angeweza kusema huu ni kumbukumbu ya taifa, hautoki. Hakusema hivyo. Alimweleza ulikotoka, akamruhusu auchukue. Mimi nampenda sana kuhani huyu: aliutunza vizuri, na mwenye haja alipofika hakuung'ang'ania.

Lakini usimpe yeyote tu anayenyoosha mkono. Katika 2 Wafalme 4, Elisha anampa Gehazi fimbo yake akaiweke juu ya uso wa mtoto wa Mshunami. Gehazi anafanya kama alivyoagizwa, na mtoto hafumbui macho. Inambidi Elisha aje mwenyewe, afunge mlango, aombe. Fimbo ilikuwa ileile. Basi mtazame kijana kabla hujamkabidhi: anafika mazoezini hata siku za mvua? Anapiga wadogo, au anawalinda? Kama ni mgomvi, hata akiwa mwanao wa kwanza, utakuwa umempa silaha tu.

Na usingoje mno. Hapo Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, lipo fuvu la Chifu Mkwawa, aliyekufa 1898. Fuvu si kifaa, ni mtu, wala sifananishi uzito wake na fimbo. Ila tazama safari yake. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilikabidhi ndani ya miezi 6. Lilirudi 1954, kutoka makumbusho ya Bremen, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Kitu kikishatoka mikononi mwa wanaokijua, kukirudisha ni kazi ya vizazi.

Wapo wanaotaka kuipeleka kanisani ikatundikwe ukutani. Hapo nasita. Nyoka wa shaba aliwaponya watu jangwani, lakini vizazi vilivyofuata vilimfukizia uvumba mpaka mfalme Hezekia akamvunja vipande (2 Wafalme 18:4). Kama hakuna kijana anayefaa, afadhali makumbusho, tena pamoja na karatasi yenye maelezo: nani alikupa, mwaka gani, ulijifunza nini nayo.

Husimuliwa kwamba bo ilianzia kwenye mti wa mzegazega, ule wa kubebea mizigo begani huko Okinawa. Mwambie na hilo huyo utakayempa, maana hapa Mbeya mzegazega anaujua.

Kama yupo kijana wa namna hiyo pale Mwanjelwa au Uyole, mwite leo baada ya ibada, mkiwa na mzazi wake. Ipake mafuta kwanza. Na mjukuu mtafutie upondo wa kuangulia maparachichi.