Mkondo wa Umeme na Mpira wa Mkojo

Mgonjwa atiwapo mpira wa mkojo, jamaa zake hushukuru kwamba maumivu yametulia, wala hawana habari kwamba bakteria watokao katika ngozi yake na katika mikono ya wamhudumiao wamekwisha anza kuuganda ule mpira, wakazaana, wakatoa ute wa kujifunika, hata baada ya siku chache ukawa umevikwa utando telezi ambao mbele yake antibiotiki hazifui dafu. Mbaya zaidi ni Proteus mirabilis, ambaye huigeuza urea ya mkojo kuwa amonia, na chumvi zilizoyeyuka humo zikaganda kama chokaa katika tundu la mpira, mkojo ukazuilika, na maumivu yale yale yaliyomleta mgonjwa hospitali yakarejea.

Kwa sababu hiyo naona kwamba wale wanaotafuta kuukinga mpira kwa umeme wanastahili kusikizwa kuliko wanavyosikizwa sasa. Mtaalamu wa Kanada, William Costerton, na wenziwe walikwisha dhihirisha mwaka 1992 kwamba dawa ya kuulia vijidudu huongezeka makali mno juu ya utando wa Pseudomonas aeruginosa ikisaidiwa na umeme dhaifu. Na mwaka 2009 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, wakaonyesha kwamba umeme peke yake, usiozidi maikroampea 2,000, ambao hauwezi hata kuwasha balbu ya kurunzi, ukipitishwa siku kadhaa mfululizo huwapunguza bakteria walio hai utandoni. Sababu si moja: umeme upitapo katika maji ya chumvi huzaa klorini na haidrojeni peroksaidi kwenye ncha zake, tena bakteria, madhali aghalabu wana chaji hasi, husukumwa na uso wenye chaji kama yao kabla hawajashika.

Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya maabara, na kwamba klorini iuayo bakteria haitabagua nyama ya mtu. Hoja hiyo ni ya haki, bali jawabu lake ni kupima, si kuacha. Muuguzi naye asingoje umeme: mpira usio na kazi na utolewe leo. Lakini walioumia uti wa mgongo, wanaoishi na mpira miezi na miaka, hawana njia hiyo. Na kwao ndiko ningependa vyuo vyetu vya udaktari na vya uhandisi vianze pamoja, usalama ukishathibitishwa, kwa mpira wenye betri ndogo na mpira usio nayo, vihesabu kila mmoja unakaa siku ngapi kabla haujaziba.