Spika Si wa Wabunge Peke Yao

Ndugu zangu wa Tarime na Serengeti, ukiingia Sirari siku ya gulio ukauliza spika, utaonyeshwa lile sanduku linalopiga kelele mbele ya duka la simu. Spika wa Bunge ni kinyume chake. Akiwa Kitini hachangii hoja, kazi yake ni kugawa nafasi ya kusema, na mgawaji huyo ndiye anayeamua kilio cha nani kisikike.

Tumchukue mkulima wa Serengeti ambaye shamba lake limepakana na hifadhi. Tembo wameingia usiku, asubuhi mahindi yamelala chini. Taratibu za nchi zinampa kifuta jasho, na tembo akiua mtu, wafiwa hupewa kifuta machozi. Fedha zikichelewa, mbunge anauliza Dodoma. Waziri anasimama: mchakato unaendelea. Hapo ndipo Spika anapopimwa. Akiita swali linalofuata, shamba limeliwa mara ya pili. Akimsimamisha tena Waziri ajibu alichoulizwa, mkulima amepata wakili asiyemlipa hata senti.

Nyamongo nako ni hivyo hivyo: fidia za mgodi wa North Mara, habari za tegesha (majengo ya haraka ya kungojea fidia), malalamiko ya maji ya mto Tigithe. Marehemu Chacha Wangwe wa Tarime, aliyeingia bungeni mwaka 2005 kwa tiketi ya CHADEMA, hakuwa mtu wa kunong'ona, mpaka ajali ya gari ilipomchukua Julai 2008. Mbunge wa aina ile anahitaji Kiti kisichochukia makelele.

Wazee wa Kikurya hawahitaji kufundishwa jambo hili. Anayeongoza baraza la ritongo akiubeba ukoo wake waziwazi, ukoo uliopunjwa hauji kikao kijacho. Na Tarime tunajua kinachofuata baraza likikosa watu.

Kwenye karatasi Kiti hiki ni imara. Ibara ya 84 ya Katiba inasema kikiwa wazi, Bunge halifanyi shughuli yoyote isipokuwa kumchagua Spika, na kumwondoa kunataka theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini Spika Job Ndugai alipoinyooshea kidole mikopo ya Serikali, aliandamwa na wenzake wa chama, akajiuzulu Januari 2022 bila kura hata moja kuhesabiwa. Spika Samuel Sitta naye, ambaye Bunge lake lilipokea ripoti ya kashfa ya Richmond Februari 2008 hata Waziri Mkuu Edward Lowassa akaachia ngazi, mwaka 2010 chama hakikumrudisha. Simtakasi Ndugai. Bunge lililokuwa chini yake ndilo lililowasimamisha wabunge wa upinzani Halima Mdee na Ester Bulaya wa Bunda, Mara yetu hii, mwaka 2017. Aliyeshindwa kuwalindia wengine nafasi ya kusema alikuja kuihitaji mwenyewe.

Kwa hiyo tusiridhike kuliona joho kwenye televisheni. Mbunge akija Mugumu au Nyamwaga tumwulize barabara, sawa, na maji pia. Kura ya Spika ni ya siri, hatatuambia alimpa nani, wala tusimlazimishe. Ila lile swali la tembo alilipeleka kwa niaba yetu: Waziri alijibu nini, na Spika alimwacha akae?