Maganda ya vitunguu yasitupwe, jua la Goma linachoma

Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1.500 hivi. Huko juu miale inayounguza ngozi ina nguvu kuliko pwani, hata siku ya baridi. Wanaoumia zaidi ni wanaoshinda juani: mama mkulima, muuza makala, familia zilizokimbia vita, na hasa watoto albino.

Wengi hudhani nguo yoyote inatosha. Sivyo. Pamba nyeupe na nyepesi hupitisha miale mingi, na ikilowa jasho hupitisha zaidi. Rangi ya mimea inasaidia, kwani maganda ya vitunguu na majani ya mikaratusi yana viini vinavyomeza miale hiyo. Maganda huchemshwa saa moja, maji yakachujwa, kisha kikwembe kilichofuliwa na kutiwa shabu kikapikwa humo na kuanikwa kivulini. Rangi ikikolea na nyuzi zikibanana, kinga huongezeka. Manjano hupendeza, lakini jua huifuta upesi.

Mashirika yanayogawa fulana nyeupe kwa waliohama makwao yangewapa akina mama pia sufuria, shabu na mafunzo. Maganda yamejaa sokoni, bure. Kuni ndizo ghali, na mbuga ya Virunga isikatwe kwa ajili ya rangi: afadhali akina mama kumi wachangie moto mmoja.

Lakini asidanganywe mtu. Kikwembe hakifuniki uso. Kofia pana na kivuli bado ni lazima, na kidonda kisichopona kionwe na muganga.