Nyumba Haina Mita 300

Chukua tepu ya fundi, pima kutoka mlango wa chumba chako cha kulala hadi mlango wa mbele. Katika nyumba za kawaida za Dallas, Columbus au Lexington, ambako wasemaji wengi wa Kiswahili tulioko Marekani tumepanga au tumenunua, utapata mita 8, labda 9. Ukiwa na sebule ya kujivunia, 12. Kisha nenda duka la bunduki umwambie muuzaji unataka kilengeo cha bunduki ya kulindia nyumba, yaani kile kifaa cha juu kinacholionyesha jicho risasi itakwenda wapi. Kuna uwezekano mkubwa atakutolea darubini. Atakusimamisha karibu na mlango uangalie bango lililo ng'ambo ya maegesho ya magari, nawe utasoma herufi zote hadi zile ndogo, ugune kwa raha. Hapo ndipo unapouziwa umbali usiokuwa nao.

Siandiki kubishana kama mtu aliyetoka Mwanza, Mombasa au Bukavu akahamia huku awe na bunduki au asiwe nayo. Wengi wameshaamua, na ile AR-15 iko ndani ya sefu au, Mungu apishe mbali, juu ya kabati. Ugomvi wangu ni mdogo kuliko huo na una haraka kuliko huo. Tunachagua kilengeo kana kwamba adui yuko ng'ambo ya bonde, na huku mtu tutakayemkuta kwenye korido saa nane za usiku, mara nyingi mno kuliko mwizi, ni mtu wetu.

Fikiria nyumba zetu zilivyo. Hazilali. Mama anafanya kazi ya kulea wazee na zamu yake inaisha saa tano za usiku. Kijana wa miaka 18 anapakia mizigo ghalani na anarudi saa tisa, ananyata ili asiamshe watu. Kunyata huko huko ndiko kunakomfanya asikike kama mwizi. Binamu aliyefika mwezi uliopita analala kwenye kochi na bado hajui swichi ya taa ya jikoni iko wapi. Bibi amekuja kututembelea kwa miezi mitatu, na kabla ya alfajiri yuko koridoni anatafuta maji ya kutawadha. Nyumba ya namna hiyo inahitaji kilengeo kinachomwachia mwenye bunduki nafasi ya kumwona mtu. Darubini haimwachii.

Tuieleze haki yake kwanza. Inayopendwa sasa ni ile inayobadilika: ukiizungusha pete yake, inavuta kuanzia mara 1 hadi 6, au hadi 8. Porini, au kwenye uwanja wa shabaha wa mita 300, ni chombo kizuri sana. Lakini ina masharti. Jicho lazima likae nyuma ya kioo kwa umbali wake maalumu, kama sentimita 9 au 10, na lisiyumbe pembeni. Likiyumba, unaona duara jeusi. Mtu aliyekurupuka usingizini, miwani iko chini ya kitanda, shingo imepinda kuchungulia mlangoni, hayatimizi masharti hayo. Alama ya kulengea ndani yake mara nyingi ni mistari myeusi, na mstari mweusi gizani hauonekani. Taa ya kuiwasha ipo, lakini nyingi hazikukusudiwa kuachwa zikiwaka miezi kwa miezi, kwa hiyo usiku huo itabidi uitafute kwa vidole.

Kisha kuna ile pete. Jumamosi ulikuwa uwanjani ukaiacha kwenye mara 6. Darubini ya kawaida ya aina hii, ikiwa kwenye mara 6, inaonyesha upana wa mita 6 hivi kwenye umbali wa mita 100. Piga hesabu mpaka kwenye korido yako: kwa mita 6, inaonyesha kama sentimita 36, tena kwa ukungu, maana vioo vyake vimepangiwa mbali. Sentimita 36 ni kifua cha shati. Unaona kitambaa, pengine kifungo. Uso hauuoni. Umelipa pesa nyingi, na umepata chombo kinachokuonyesha pa kupiga na kukuficha unayempiga.

Wenye darubini wana majibu, na jibu lao bora si la kupuuzwa. Wanasema: iache kwenye mara 1 siku zote, itafanya kazi kama kioo cha kawaida, na siku ukihitaji kuona mbali, unazungusha tu. Wanaongeza kwamba hata wanajeshi wameelekea huko, na ni kweli: mwaka 2020 jeshi la Marines la Marekani lilichagua darubini ya Trijicon ya mara 1 hadi 8. Lakini askari yule anatazama bondeni, yuko na wenzake, na kazi yake ni kumtambua mtu aliye mbali kabla hajafyatua. Yaani yeye amepewa darubini ili atambue! Kwa mita 7, macho yako mawili yaliyo wazi na taa ya kutosha yanatambua kuliko kioo chochote. Na ile siku ya kuhitaji kuona mbali, mimi ningependa kuisikia ikielezwa. Mtu aliye mita 150 kutoka mlangoni pako yuko barabarani. Ukimpiga huko, itakuwa kazi kubwa kumshawishi hakimu kwamba ulikuwa unalinda nyumba.

Kinachofaa ni kitu cha bei ndogo na kisicho na mambo mengi: kioo kisichovuta, chenye nukta moja nyekundu inayowaka. Aimpoint, kampuni ya Sweden, ilileta sokoni vilengeo vya nukta ya umeme katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1997 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani likaingia mkataba wa kununua 100,000. Sababu ni rahisi. Unatazama kwa macho yote mawili, humfungii mtu ndani ya tundu. Jicho halihitaji kukaa mahali pamoja. Palipo na nukta, hapo ndipo risasi inapoelekea, hata kichwa kikiwa kimekaa vibaya. Nukta ya kawaida inafunika sentimita 6 hivi kwenye mita 100, na kwenye mita 10 ni milimita 6 tu, kwa hiyo haimzibi mtu uliye mbele yake.

Ukinunua, uliza mambo manne. La kwanza ni betri. Vipo vinavyokaa vimewaka saa 50,000 kwa betri moja ndogo ya duara, zaidi ya miaka 5; hivyo unaviacha vinawaka, unabadilisha betri kila siku yako ya kuzaliwa, basi. Vile vya holografia, pamoja na uzuri wake, betri yake huisha upesi zaidi, mara nyingi kama saa 1,000 au pungufu, na hujizima vyenyewe baada ya saa chache. Kifaa kinachosubiri ukiwashe si cha saa nane za usiku.

La pili ni jicho lako mwenyewe. Wengi wetu tuna astigimatizimu, na nukta tunaiona kama nyota iliyopasuka au mkia wa kimondo. Ipige picha kwa simu: ikiwa pichani ni duara, tatizo liko kwenye jicho, wala si kwenye kioo. Mtu wa namna hiyo achukue kilengeo cha prizimu kisichovuta, ambacho alama yake imechorwa ndani ya kioo.

La tatu ni kimo. Kwenye AR-15, kilengeo kinakaa kama sentimita 6.5 juu ya mtutu. Kwa hiyo kwa mita 5, risasi itaingia karibu sentimita 6 chini ya nukta. Ubaya zaidi, ukijificha nyuma ya kitanda unaweza kuona korido nzima kupitia kioo na huku mtutu umeelekea godoroni. Hili linajulikana uwanjani kwa mazoezi ya mita 5, ambayo karibu hakuna anayeyafanya, kwa sababu kupiga karatasi ya karibu hakuna sifa.

La nne ni skrubu. Kioo cha dola 2,000 kilichofungwa ovyo ni kibaya kuliko cha dola 200 kilichokazwa na kupimwa shabaha.

Lakini nisije nikaonekana nimewatetea wauza nukta. Nao wana uongo wao: kwamba ukishapata nukta, umeshapata usalama. Nukta inakuambia risasi itakwenda wapi. Haikuambii itamkuta nani, wala nyuma yake kuna nini. Kuta za ndani za nyumba nyingi za huku ni mbao nyembamba zilizofunikwa bodi za jipsamu, na risasi ya AR-15 hupita kwenye ukuta kama huo, ikapita na wa pili, ikaingia chumba cha watoto. Hakuna kioo kinachouona ukuta wa pili.

Tarehe 17 Oktoba 1992, huko Baton Rouge, Louisiana, Yoshihiro Hattori, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, alikosea nyumba akienda kwenye sherehe ya Halloween. Mwenye nyumba alitoka na bastola akamwamuru asimame kwa neno moja la Kiingereza. Kijana hakusimama, akaendelea kusogea, akieleza kwamba amekuja kwenye sherehe. Risasi ilikuwa moja, kutoka hatua chache, na haikukosa. Mwaka 1993 baraza la mahakama lilimwachia mpigaji. Mwaka uliofuata mahakama ya madai ilimwamuru awalipe wazazi zaidi ya dola 650,000. Tarehe 13 Aprili 2023, huko Kansas City, Missouri, kijana mweusi wa miaka 16 alifuata wadogo zake akabonyeza kengele ya nyumba ambayo siyo. Alipigwa kupitia kioo cha mlango. Alipona, na mzee aliyempiga alikiri kosa mahakamani mwaka 2025.

Katika visa vyote viwili shabaha ilikuwa sawasawa. Kilichokosekana ni kujua aliye mbele ni nani. Na sisi hatuna haki ya kuvisoma visa hivyo kama wenye nyumba peke yake. Binamu yule wa kwenye kochi, ambaye Kiingereza chake bado ni cha kuombea maji, ndiye atakayeamriwa kwa neno moja siku moja na asilielewe.

Shemeji yangu mmoja, mtu mwema, alinionyesha bunduki yake tukiwa tumemaliza kikao cha harusi. Darubini ilikuwa kubwa kuliko thermosi ya chai. Akasema, "Shemeji, hii inaona mpaka kule kanisani." Nikamuuliza tochi yake iko wapi. Akacheka, akasema simu ina tochi.

Hayo ndiyo mahesabu ninayoyapinga, na haya ndiyo yangu. Dola za kwanza ni za sefu inayofunguka kwa vidole vyako na si vya mtoto. Za pili ni za tochi mbili: moja iliyofungwa kwenye bunduki, na nyingine ya mkononi, ambayo ndiyo ya kutafutia, kwa sababu ukitafuta kwa ile ya bunduki utakuwa umemwelekezea mtutu kila unayemtazama, bibi akiwemo. Za tatu ni za risasi za mazoezi. Za nne ndizo za nukta. Na kuna vitu vya bure: taa ndogo ya korido isiyozimwa, na kanuni ya nyumba kwamba kila anayeingia usiku anapiga simu akiwa nje na kuita jina lake akifungua mlango, na mwenye bunduki anaita kabla ya kila kitu, kwa Kiswahili, "Nani?" Kama kweli ni mwizi, wakusanye watoto chumba kimoja, funga mlango, piga 911, ukae nyuma ya mlango huo. Huko ndani umbali wako umebaki mita 4.

Ukishayafanya hayo yote na pesa ikabaki, nunua darubini, uende nayo kuwinda paa. Ukirudi, ifungue, uirudishe kwenye boksi lake.