Hema la Bei Nafuu: Anza na Paa, Si na Bei



Likizo za Juni na Desemba ndiyo majira ya kambi za vijana. Watoto wetu hupanda Lushoto na kwingineko katika milima ya Usambara, na wengine hutembea kijiji hadi kijiji wakiwa na mizigo mgongoni. Mama huletewa orodha: blanketi, sahani, tochi, sweta, hema. Vingine vyote vimo nyumbani. Hema halimo, na hapo ndipo mfuko unapoanza kuuma.

Hema la bei nafuu laweza kuwa hema jema. La muhimu ni kujua ni sehemu gani ya hema haifai kubaniwa fedha. Si ukubwa, wala rangi, wala vimfuko vya ndani. Ni uwezo wake wa kuzuia maji na kupitisha hewa. Mtoto aliyelala katika nguo zilizolowa hupoteza joto la mwili upesi, hata katika nchi yetu ya jua. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Usiku wa Juni huko si usiku wa Tanga mjini. Na Desemba, mvua za vuli huenda hazijaisha.

Paa la nje
Mahema mengi ya bei ya chini kabisa yana kitambaa kimoja tu, au kikofia kidogo juu. Hayo yaache. Tafuta lenye vitambaa viwili: cha ndani chenye wavu, na paa la nje linaloshuka karibu na ardhi pande zote. Pumzi ya watu waliolala ina mvuke, na mvuke huo ukigusa kitambaa chenye baridi hugeuka maji. Asubuhi watoto husema hema limevuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe. Kukiwa na vitambaa viwili, maji hayo huteremka kwenye kile cha nje bila kuwagusa.

Ukisoma lebo, utaona mara nyingi namba ya milimita. Hicho ni kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kupenyeza. Kwa paa, 1,500 yatosha mvua za kawaida. Sakafu hukandamizwa na magoti na viwiko, basi itafutie 3,000 hivi.

Mishono, zipu na fito
Geuza hema ndani nje. Mishono ya paa iwe imezibwa kwa utepe. Kama haikuzibwa, maji yatapita kwenye matundu ya sindano, hata kitambaa kiwe kizuri namna gani. Zipu ifungue na kuifunga mara kadhaa. Zipu mbovu ni mlango wazi kwa mbu, na mtoto anaweza kurudi nyumbani na malaria. Fito za plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo ni nzito kidogo na huweza kupasuka, lakini ni rahisi na zinafaa kambini. Za alumini ni nyepesi na ghali zaidi. Hapo waweza kubana fedha.

Ukubwa na uzito
Hema likiandikwa "watu wanne", hesabu watatu pamoja na mizigo yao. Kama gari litafika kambini, uzito si hoja. Kama watoto watatembea, ni hoja kubwa. Mtoto wa kilo 40 asibebeshwe zaidi ya kilo 4 hadi 6, na hema la familia laweza kufika kilo 6 peke yake. Kwa safari ya miguu tafuta la watu wawili lenye kilo 2 au 3, kisha wagawane: mmoja abebe kitambaa, mwenzake fito na vigingi.

Mitumba
Masoko ya mitumba huwa na mahema mazuri kwa bei ya chini. Ila usinunue hema lililokunjwa. Mwombe muuzaji alisimamishe, uhesabu fito na vigingi, kisha uingie ndani mchana na kulitazama jua kupitia kitambaa. Kila tundu litaonekana. Linuse pia. Likinuka ukungu, au upande wa ndani wa paa ukinata mkononi na kubanduka kama ngozi ya nyoka, dawa ya kuzuia maji imekwisha. Nyumbani, lisimamishe uani na kulimwagia ndoo tatu za maji kabla ya siku ya safari.

Jiko libaki nje
Hili nalisema kama muuguzi. Usiku wa baridi vijana hushawishika kuingiza jiko la mkaa hemani. Wasithubutu. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na hata makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito, na aliyelala huenda asiamke. Mwenye dalili hizo atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Dawa ya baridi ni mkeka na godoro jembamba chini, maana ardhi huiba joto kuliko hewa, kisha soksi na sweta kavu.

Tusaidiane
Si lazima kila nyumba iwe na hema. Akina mama watano wakichanga, watapata moja zuri badala ya matano yanayovuja, na watoto watalitumia kwa zamu. Sharti liwe moja: anayelirudisha alianike kivulini hadi likauke kabisa, kwani hema lililokunjwa likiwa na maji huota ukungu, na jua kali la kila siku huozesha kitambaa.

Basi, kabla ya kuuliza bei, uliza paa linafika wapi. Nawatakieni likizo njema, na usiku mkavu kwa watoto wetu.