Kabla ya kununua weji, tazama namba ya pili

SHABIKI wa soka hahitaji kufundishwa hili. Mvua ikinyesha usiku kucha, halafu mchezaji akaingia uwanjani na njumu za meno mafupi, atateleza mpaka jukwaa zima licheke, na lawama zitamshukia mtunza vifaa. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 kule Bern, Uswisi, ilichezwa kwenye mvua. Hungary walikuwa mbele 2-0 ndani ya dakika nane tu, Ujerumani Magharibi wakapindua meza na kushinda 3-2. Hadi leo sehemu ya sifa anapewa Adi Dassler, aliyewatengenezea Wajerumani viatu vya meno ya kufungua na kufunga, wakavaa marefu kulingana na tope.

Gofu nayo ina meno yake, ila yamefichwa chini ya fimbo, na hapa kwetu wachezaji wengi hawayatazami.

Tunazungumzia weji, zile fimbo zenye uso uliolala, za kunyanyua mpira karibu na grini au kuutoa kwenye mchanga wa banka. Nyingi zimechorwa namba mbili, mfano 56 na 12. Ya kwanza kila mtu anaijua: ni nyuzi za ulalo wa uso wa fimbo, zinazoamua mpira upae kiasi gani. Ya pili ndiyo baunsi. Simamisha fimbo chini kama unataka kupiga, kisha chungulia. Makali ya mbele yameinuka kidogo, kinachogusa ardhi ni tumbo la soli kwa nyuma. Mwinuko huo ndio hizo nyuzi 12.

Aliyeupa umaarufu ujanja huu ni Mmarekani Gene Sarazen. Banka zilikuwa zikimtesa, kwa sababu fimbo za wakati ule zilikuwa na makali membamba yaliyozama mchangani kama jembe. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia ndani ya ndege, alipoona mkia ukishuka ili pua ipande. Akaongeza madini nyuma ya soli, fimbo ikaanza kuteleza juu ya mchanga badala ya kuchimba. Mwaka 1932 alishinda mashindano ya Open ya Uingereza akiwa nayo, na kabla ya hapo aliificha kichwa chini ndani ya mkoba, akihofia waamuzi wangeipiga marufuku.

Sasa tatizo letu liko hapa. Mtu anasikia baunsi inasaidia, anakimbilia kubwa kuliko zote. Nyuzi 4 hadi 6 kwa kawaida huhesabiwa ndogo, 7 hadi 10 za kati, zaidi ya hapo kubwa. Kubwa inafaa mchanga laini, nyasi nzito na ardhi iliyolowa. Ipeleke kwenye ardhi kavu ya kiangazi, iliyokaza kama sakafu, uone. Soli inagonga chini na kudunda, makali yanaupiga mpira tumboni, nao unavuka grini kama shuti la beki aliyepaniki. Kinyume chake, fimbo ya nyuzi 4 wakati wa masika inazama udongoni, na mpira unasogea hatua mbili.

Mkono wa mchezaji nao una usemi. Anayeshusha fimbo kwa wima na kung'oa mabonge ya nyasi anahitaji baunsi kubwa ya kumzuia asichimbe. Anayefagia, ambaye akipiga nyasi zinabaki karibu kama zilivyokuwa, atatulia zaidi na ndogo. Na ukiufungua uso wa fimbo, baunsi inaongezeka, kwa hiyo anayependa mipira ya juu ya kufungua uso awe mwangalifu kwenye ardhi ngumu.

Hili si suala la matajiri wa klabu peke yao. Wakiharibu shoti, jioni wanacheka nayo mezani. Tunawafikiria vijana walioanza kwa kubeba mikoba ya wengine na leo wanasaka riziki kwenye gofu ya kulipwa. Fimbo zao mara nyingi ni za kupewa, zilizochaguliwa kwa mkono wa mtu mwingine na pengine kwa ardhi ya nchi nyingine. Kijana wa namna hiyo akikosa kupita mchujo kwa shoti moja, tunasema hana uzoefu. Hakuna anayegeuza fimbo yake kutazama chini.

Ndiyo maana tunaziomba klabu na wafadhili wanaogawa vifaa: kabla ya kukabidhi seti na kupiga picha, kocha amwone kijana akipiga. Dakika kumi zinatosha. Kama fedha ni ya weji moja tu, ya mchanga yenye nyuzi 8 hadi 10 itamsitiri karibu kila mahali. Zikipatikana mbili, ya pili iwe na baunsi ndogo kwa ajili ya kiangazi. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 mkobani, nafasi ipo. Na maduka yanayouza vifaa yaache kumwambia mteja "hii ni 56" halafu basi. Namba ya pili imeandikwa palepale. Kama imefutika kwa uzee wa fimbo, muuzaji aiweke sakafuni, ainame na mteja, wapime kwa macho.